Kura Moja ya Njano ya Nordal

Wale mabwana watatu waliokata mipaka ya jimbo letu jipya hawakuwahi kukanyaga Nordal. Najua, kwa sababu mgeni akikanyaga hapa mbwa wa Clifford Tait hubweka mpaka kijiji kizima kinasikia, na mwaka ule mbwa alikaa kimya. Walikaa zao huko Regina, kwenye makao ya serikali, wakapiga mstari kwenye ramani, wakalimega jimbo letu la Vermette, wakatubandika na nusu ya mji wa Tamlin. Haya, nyinyi sasa ni jimbo jipya. Tamlin na Vermette wakagombana miezi minane jina la nani litangulie. Jimbo likaitwa Tamlin-Vermette, na watu wa Vermette mpaka leo wanalisoma kinyumenyume.

Mimi ni Nettie Pawluk, msimamizi wa kituo cha kura cha Nordal tangu binti yetu Darlene ana mwaka mmoja, na sasa Darlene ana ishirini na nane. Nafungua sanduku, nahesabu karatasi, napiga simu kutoa matokeo. Fern Doucette, mwenye mkahawa, ndiye karani wangu. Kila uchaguzi tunaweka mkono juu ya Biblia na kuapa kwamba hatutamwambia kiumbe yeyote nani kampigia nani. Ulimi wangu mrefu, sikatai, ila kiapo hicho sijakivunja hata kwa mume wangu. Hasa kwa mume wangu, na mtaona kwa nini.

Jimbo jipya halina historia. Lakini watu wa magazeti hawapumui wakiona kitu kisicho na historia. Gazeti la Tamlin, lile la kila Jumatano, likachukua kura za uchaguzi uliopita, kituo kwa kituo, likazipanga upya ndani ya mipaka mipya, ili tujue nani angeshinda kama jimbo hili lingekuwapo wakati ule. Jibu likachapishwa ukurasa wa mbele: chama cha Njano 3,208. Chama cha Bluu 3,207.

Kura moja! Na chini kabisa kwenye orodha ya vituo, kwa herufi ndogo: Nordal, Bluu 26, Njano 1.

Siku hiyo nilikuwa kwa Fern nasubiri mkate. Wanaume walikuwa mezani, kwenye baraza lao la kahawa, kama kila asubuhi saa nne. Clifford Tait, ambaye ni wakala wa Bluu kwenye kituo changu na ana pua ya kunusa mambo ya watu, akalikunjua gazeti katikati ya vikombe.

"Nani?" akauliza. "Kuna mtu mmoja humu Nordal, tuliyekuwa tukiipuuza kura yake, ametugeuza Njano. Mmoja tu! Nauliza, ni nani?"

Mume wangu Orest, mwenyekiti wa Bluu wa eneo letu, akapiga meza kwa ngumi, vijiko vikaruka. "Msaliti huyo! Haki ya Mungu nikimjua, nampaka rangi ya njano toka utosini mpaka kwenye buti!"

Nikashikwa na kikohozi. Fern akaniletea maji.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jikoni kwetu kuna kalenda ya ukutani. Kila jioni tangu tuoane, Orest huikata siku iliyokwisha kwa alama ya X. Anaikandamiza penseli kana kwamba siku yenyewe imemkosea, na mstari wa pili huwa anaushusha chini na kuupinda, ukatoka na kamkia. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye X ya namna ile. Na katika kila uchaguzi, mara saba sasa, nikifungua sanduku la Nordal nakuta karatasi moja ya Njano yenye X hiyo hiyo, imekandamizwa mpaka upande wa pili, mkia wake umening'inia.

Mara ya kwanza nilidhani macho yananidanganya. Mara ya pili nilielewa, na nikajua pia sababu, ingawa hatujawahi kuitamka. Darlene alizaliwa kabla ya wakati wake, mwezi wa pili, theluji imefunga barabara zote. Mtoto mwenyewe hakuzidi mkate kwa ukubwa. Nesi wa ile hospitali ndogo ya Tamlin alikaa naye siku nne bila kwenda kwake, akimpasha joto kwa chupa za maji ya moto. Hospitali ile ilijengwa na Njano, na Bluu walikuwa wanataka kuifunga. Orest alikaa kwenye kiti cha mbao siku zote nne, kofia mkononi. Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi, na ndiyo kamkia kakaanza. Mdomoni Bluu, mpaka wakampa uenyekiti. Penseli ikawa na mambo yake.

Basi tuseme tu nilikuwa nacheka kimoyomoyo miaka yote hiyo. Ilikuwa siri yangu tamu. Ningeendelea kucheka, lakini Clifford hakutosheka.

"Tuwachuje mmoja mmoja," akasema. "Fern?"

"Nikuchuje wewe kwanza, na kahawa yako uondoke nayo," Fern akamjibu.

"Haya, Fern katoka. Orest huyo hata tusimtaje." Wote wakacheka. "Wewe Orest unaonaje? Wewe ndiye mwenyekiti. Lazima una fununu."

Macho yote yakamgeukia. Nikaiona shingo ya mume wangu ikianza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. Angeweza kusema hajui. Angeweza kupiga chafya! Badala yake akasema, huku anaangalia kikombe, "Selmer ana jiko la njano."

Ndivyo alivyosema. Selmer Haugen, jirani yetu aliyefiwa na mke, mzee mpole asiyeua hata nzi, alipaka jiko lake rangi ya njano kwa sababu mkewe Ingrid aliipenda. Na Ingrid huyo alikuwa nani? Alikuwa nesi wa hospitali ya Tamlin. Yule yule wa chupa za moto. Nilitaka kumpiga Orest kwa mkate.

"Ehee!" akasema Clifford. "Na kwenye siasa hafungui mdomo kabisa."

Mlango ukafunguka, akaingia Selmer mwenyewe, akatundika kofia, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote.

Wageni wakisikia watu wa Nordal walimtenga mtu, wanadhani tulimtukana au kumvunjia dirisha. Sisi hatuna tabia hizo. Baraza la kahawa lina kopo la ngozi lenye dadu tatu. Kila asubuhi kopo linazunguka meza, kila mmoja anarusha, na mwenye alama chache kuliko wote analipia kahawa ya meza nzima. Watu hulalamika wakishindwa, hutupa kofia chini, husema dadu zimelogwa, na kesho yake wako pale pale. Asubuhi ile kopo lilitoka kwa Clifford, likafika mbele ya Selmer, likapita. Aliyekaa ubavuni mwake alinyoosha mkono juu ya kikombe cha Selmer, akalichukua, akarusha.

"Mimi bado," akasema Selmer.

"Usijali, mzee wangu," Clifford akamwambia kwa sauti ya asali. "Kahawa yako tumeshalipia."

Ndiyo adhabu yetu hiyo. Tunamlipia mtu kahawa. Tunamlipia leo, kesho, keshokutwa, kwa adabu zote, mpaka aelewe kwamba yeye si mmoja wetu tena.

Jioni ile Orest alikula pirohi, yale maandazi yetu ya kuchemsha, zilizojaa viazi na chumvi ya mwezi mzima.

"Mama Darlene, chumvi imezidi."

"Kunywa maji."

"Una nini leo?"

"Mimi? Sina kitu. Nawaza tu jiko letu tulipake rangi gani." Akainamisha kichwa akamaliza sahani yote, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Wiki tatu zikapita. Uchaguzi ulikuwa umebaki siku tisa Selmer alipobisha mlango wangu, kofia mkononi, wakati Orest yuko shambani.

"Nettie, kahawa yangu imelipwa siku kumi na tisa mfululizo," akasema. "Nimemwandikia dada yangu kule Brandon. Ana chumba. Nyumba nitaiuza mwezi wa nane."

"Selmer! Miaka hamsini umekaa hapa."

"Hamsini na mbili. Tangu Ingrid afariki, nikiamka najiambia saa nne nitakwenda kurusha dadu. Ndiyo kazi yangu iliyobaki. Sasa naamka nakwenda kuangalia wengine wakirusha." Akakaa, akapangusa macho kwa kofia. "Na mimi ni Bluu, Nettie! Nimewapigia Bluu maisha yangu yote, hata mwaka ule walipomsimamisha yule mjinga muuza mbolea. Ingrid alikuwa Njano. Tulikuwa tunafutana kura mezani tukicheka. Nani ataniamini sasa?"

Mimi nilimwamini. Mimi peke yangu duniani nilikuwa na ushahidi, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa Biblia. Nikawasha birika, nikazunguka jikoni, nikaiangalia kalenda na safu zake za X zenye mikia. Ndipo wazo likanijia.

"Usipige kura," nikamwambia.

"Nisipige?"

"Siku ya uchaguzi kaa kwenye ngazi za ukumbi, kila mtu akuone, toka tunafungua mpaka tunafunga. Usiingie ndani. Na kesho watangazie barazani. Waambie hivi: Njano ikitoka sifuri, basi ilikuwa mimi, nafungasha naondoka. Njano ikitoka moja, mnipe kopo langu."

Selmer akaigeuzageuza kofia. "Bluu watakosa kura yangu."

"Selmer Haugen, unataka kura au unataka kahawa?"

"Nataka kuilipia," akasema. Moyo wangu uliniuma, nasema kweli.

Kesho yake akatangaza. Fern alinisimulia kwamba baraza zima lilikubali, hata Clifford alisema ni haki tupu. Mmoja tu ndiye aliyemwaga kahawa kwenye suruali.

Orest hakuwa mtu tena kwa wiki nzima. Alitengeneza uzio ambao haukuharibika. Usiku akigeuka kitandani najisikia niko kwenye lori. Nilijua hesabu aliyokuwa akiipiga. Akipiga Bluu, Njano inatoka sifuri, yeye anabaki msafi na mwenyekiti, Selmer anakwenda Brandon. Akipiga Njano, Selmer anarudishiwa kopo, na msako unaanza upya, Clifford ana pua, na wa kuchujwa wamepungua.

"Kama mtu alikosea," akaniuliza siku moja mezani, hivi hivi tu, anachezea uma, "halafu anaweza kurekebisha lakini atajiumbua..."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mwambie huyo mtu pirohi zake zitaendelea kuwa na chumvi." Nilikuwa na hasira, ndiyo. Lakini pia niliogopa. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na sikujua mume wangu atafanya nini na penseli.

Siku ya uchaguzi, mwezi wa sita, jua kali. Selmer akaja saa tatu na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai, akakaa ngazini kama mlinzi. Wakaja mmoja mmoja. Kila mtu akimpita anasema habari za asubuhi, anaangalia viatu vyake. Orest alikuja saa sita. Nikampa karatasi kama ninavyompa mtu yeyote, nikamsomea maelezo kana kwamba simjui. Alikaa nyuma ya kile kizuizi cha kadibodi cha kupigia kura muda mrefu mpaka Fern akaniinulia nyusi. Akatoka, akatumbukiza, akaondoka bila kunitazama.

Sasa kura yangu mwenyewe ni yangu, nina ruhusa kuitaja. Mimi ni Bluu. Baba yangu alikuwa Bluu, ng'ombe wetu walikuwa Bluu. Lakini ilipofika saa kumi na moja nikaanza kuwaza: je, Orest akiogopa? Selmer yuko pale nje anamimina chai ya mwisho. Nikachukua karatasi, nikaingia nyuma ya kadibodi, nikawekea Njano alama ndogo safi, nikasema Mungu nisamehe na baba nisamehe. Moja tu inatosha, nikawaza. Na kama Orest naye amefanya kweli, zitakuwa mbili, si neno.

Saa mbili usiku tukafunga mlango, jua bado liko juu ya maghala, maana kwetu mwezi wa sita huchelewa kuzama. Tukabaki watatu: mimi, Fern, na Clifford na karatasi yake ya kuandikia. Nikafungua sanduku.

"Bluu," nikasoma. "Bluu. Njano."

"Hiyo hapo!" akasema Clifford. Ilikuwa yangu. Niliitambua.

"Bluu. Njano."

Clifford akainua kichwa.

"Njano," nikasoma. "Njano. Bluu. Njano."

Fern alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nettie," akaninong'oneza, "mimi nilidhani moja tu..."

"Nyamaza, Fern! Kiapo!"

"Njano. Njano." Loo! Zilitoka kama vifaranga. Wale wote waliompita Selmer pale ngazini na macho kwenye viatu, kila mmoja alikuwa ameingia nyuma ya kadibodi akamwonea huruma kivyake, akajiambia moja inatosha. Mmoja alikuwa ameandika kwa penseli hafifu kabisa, kama mtu anayejificha hata kwa karatasi. Lakini mimi nilikuwa natafuta kamkia, na kamkia hakakuwapo. Karatasi zikapungua. Zikabaki tano. Bluu, Bluu, Njano, Bluu. Nikaikunjua ya mwisho.

X ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi karibu itoboke. Mkia umeshuka mpaka chini ya mstari. Njano.

Nilimpenda Orest upya dakika ile, pale pale, mbele ya Clifford Tait. Nikalazimika kupenga kamasi.

"Njano kumi na nne," nikasema. "Bluu kumi na mbili."

"Haiwezekani," akasema Clifford. "Hesabu tena."

Tukahesabu tena. Kumi na nne. Nikamwuliza kama anataka mara ya tatu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaitazama ile karatasi ya penseli hafifu muda mrefu kidogo kuliko nyingine. "Hapana," akasema. "Basi. Imetosha."

Njano walilichukua jimbo jipya la Tamlin-Vermette kwa kura tisa. Sasa lina historia yake halali, na kama mtu atataka kujua nani aliipa Njano ushindi huo wa kwanza, asome mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo. Makao makuu ya Bluu wamemwandikia Orest barua wakiomba maelezo. Ameiweka chini ya kopo la misumari.

Kesho yake saa nne nilikwenda kununua mkate ambao sikuuhitaji. Selmer alikuwa kwenye kiti chake. Wanaume wengine kumi na mmoja, kila mmoja anakoroga kahawa isiyo na sukari. Hakuna aliyeuliza nani. Hata Clifford! Angemwuliza nani, na kwa mdomo gani?

Orest akalichukua kopo, akainuka, akazunguka meza yote, akaliweka mbele ya Selmer.

"Anza wewe," akasema. Kisha akaongeza, "Tumekukosea, jirani. Mimi ndiye niliyeanza. Nisamehe."

Selmer akalitikisa kopo mpaka tukadhani hataliachia. Akarusha. Moja, moja, mbili. Hakuna aliyepata chache kuliko hizo, na nina hakika wengine walizipanga dadu kwa kidole. Akalipia kahawa kumi na mbili, anatoa noti huku machozi yanamtiririka, anasema dadu zimelogwa, zimelogwa kabisa, Fern zitupe hizi!

Kisha akaangalia meza yote. "Kumbe," akasema, "mimi peke yangu ndiye Bluu wa kweli niliyebaki Nordal, na sikupiga kura." Fern alicheka mpaka akaegemea mashine ya kahawa.

Jioni nilimpikia Orest pirohi bila chumvi ya ziada, na krimu juu. Alikula akashiba, akainuka, akachukua penseli kwenda kuikata siku kwenye kalenda. Akavuta mstari wa kwanza. Akaanza wa pili, akaushusha, akaupinda. Mkono ukasimama. Akaitazama ile X. Akazitazama zile za juu yake, mwezi mzima. Akageuka taratibu.

"Mama Darlene," akasema. "Zile karatasi huwa unazifungua wewe mwenyewe? Zote?"

"Zote."

"Miaka yote hii?"

"Nimekula kiapo, Orest," nikamwambia. "Niletee sahani yako nioshe."

Aliniletea sahani, akasimama nyuma yangu, akaweka paji la uso wake begani kwangu, akakaa hivyo mpaka maji yakapoa.

Kesho yake jioni nilipita kwenye kalenda. Siku ilikuwa imekwisha kukatwa, lakini safari hii hapakuwa na X. Palikuwa na duara dogo, la adabu, lisilo na mkia, na alikuwa amelikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.